Kani Inayozunguka: Usumaku na Mkondo wa Umeme

Usumaku ni miongoni mwa nguvu za maumbile ambazo binadamu alizitambua tangu kale, na pia ni miongoni mwa zile zilizochelewa sana kueleweka. Jiwe la sumaku, ambalo ni madini ya chuma yaitwayo magnetaiti, lilijulikana kwa Wachina na Wagiriki wa kale. Sindano iliyosuguliwa kwa jiwe hilo ilielezwa mwaka 1088 na mwanachuoni wa Kichina Shen Kuo, aliyeona tayari kwamba haielekei kusini kamili bali hupotoka kidogo. Na kufikia karne ya 15 wanamaji wa Bahari ya Hindi, akiwemo Ahmad ibn Majid wa Julfar, waliihesabu sindano hiyo kuwa sehemu ya elimu yao ya safari, pamoja na nyota na misimu ya pepo. Hata hivyo, asili ya nguvu hiyo ilibaki fumbo hadi mwaka 1820, ilipobainika kwamba waya unaopitisha mkondo wa umeme huigeuza sindano ya dira. Mhadhara huu unaeleza misingi ya uhusiano huo, na hoja yake kuu ni kwamba jambo kubwa lililogunduliwa mwaka huo halikuwa kuwapo kwa uhusiano kati ya umeme na sumaku peke yake, bali umbo la uhusiano wenyewe: nguvu ya sumaku haielekei kwenye waya wala haiukimbii waya, bali huuzunguka. Mwanafunzi aliyelielewa umbo hilo ameshika msingi wa mota, jenereta, transfoma na hata usumaku wa Dunia. Aliyekariri fomula bila kulielewa amebaki na herufi tu.

Elimu mbili zilizotengana

Mwaka 1600 tabibu wa Uingereza William Gilbert alichapisha kitabu chake cha De Magnete, ambamo alitoa hoja kwamba Dunia yenyewe ni sumaku kubwa, na kwamba hiyo ndiyo sababu ya dira kuelekea kaskazini. Gilbert alitumia jiwe la sumaku lililochongwa likawa tufe, akapitisha sindano ndogo juu yake, na kuonyesha kwamba sindano hiyo ilijielekeza na kuinama kama dira zinavyofanya katika sehemu mbalimbali za Dunia. Lakini Gilbert huyohuyo alitenganisha kwa makini mvuto wa sumaku na mvuto wa kaharabu iliyosuguliwa, ambao leo huitwa umeme tuli, akaviona kuwa vitu viwili visivyo na undugu, na utengano huo uliendelea kwa zaidi ya miaka 200. Hata Mfaransa Charles-Augustin de Coulomb, alipothibitisha katika miaka ya 1780 kwamba kani zote mbili hupungua kwa mraba wa umbali, yaani umbali ukiongezeka mara mbili kani hubaki robo, aliendelea kuamini kwamba sumaku na umeme vina asili tofauti.

Kilichokosekana wakati huo kilikuwa mkondo wa kudumu. Chaji tuli, yaani umeme uliotulia juu ya kitu kilichosuguliwa, haiigusi sindano ya dira kwa namna ya pekee, na cheche inayoruka hupita upesi mno kiasi kwamba si rahisi kuichunguza. Hali ilibadilika mwaka 1800, Alessandro Volta wa Italia alipotangaza betri yake, ambayo ilikuwa rundo la visahani vya metali mbili tofauti vilivyotenganishwa kwa vitambaa vilivyoloweshwa maji ya chumvi. Kwa mara ya kwanza watafiti walipata mkondo, yaani mtiririko wa chaji ndani ya waya, uliodumu kwa muda wa kutosha kufanyia majaribio.

Jaribio la Copenhagen

Hans Christian Ørsted, profesa wa fizikia katika mji wa Copenhagen, alikuwa akiamini kwa sababu za kifalsafa kwamba nguvu zote za maumbile zina shina moja. Katika majira ya kuchipua ya mwaka 1820, wakati akifundisha, aliweka dira karibu na waya uliounganishwa na betri na kuona sindano ikitikisika. Baada ya kurudia jaribio kwa betri yenye nguvu zaidi, alichapisha tarehe 21 Julai taarifa fupi ya kurasa chache katika Kilatini, ambayo ilisambazwa kwa wanasayansi wa Ulaya nzima.

Kilichowashtua wasomaji wa taarifa hiyo kilikuwa mwelekeo wa sindano. Kila kani iliyojulikana wakati huo, kuanzia mvutano unaouweka mwezi katika njia yake hadi kani za Coulomb, ilitenda katika mstari ulionyooka unaounganisha vitu viwili, ama kwa kuvuta ama kwa kusukuma. Sindano ya Ørsted haikufuata utaratibu huo, kwa kuwa waya ulipowekwa juu yake, sambamba nayo, sindano haikuusogelea waya wala kuukwepa, bali iligeuka kukatisha waya. Na waya ulipohamishiwa chini ya dira, sindano iligeuka upande wa pili. Maelezo pekee yanayoweza kupatanisha mambo hayo mawili ni kwamba nguvu hiyo hufuata mduara ambao waya ndio kitovu chake, kwa maana mduara unaopita juu ya waya ukielekea kulia lazima upite chini yake ukielekea kushoto. Ørsted mwenyewe alilitambua hilo na kuliandika.

Habari hizo zilipofika Paris mwezi Septemba zilileta shughuli ambayo si kawaida kuonekana katika historia ya sayansi. François Arago aliwasilisha jaribio hilo mbele ya Chuo cha Sayansi cha Ufaransa, na ndani ya siku chache André-Marie Ampère akaanza kuonyesha kwamba nyaya mbili zilizo sambamba huvutana mikondo yake ikielekea upande mmoja na husukumana ikielekea pande tofauti. Ugunduzi huo ulikuwa na uzito mkubwa kwa sababu katika jaribio la Ampère hapakuwa na sumaku hata moja: kulikuwa na shaba na mkondo tu, na bado kani ya sumaku ilikuwapo. Kabla ya mwaka kwisha, Jean-Baptiste Biot na Félix Savart walikuwa wamepima jinsi nguvu hiyo inavyopungua kadiri mtu anavyojitenga na waya.

Uga wa sumaku na kipimo chake

Eneo ambamo sindano ya dira huhisi kani huitwa uga wa sumaku. Kila nukta katika uga huo ina mambo mawili: mwelekeo, ambao ni ule unaoelekewa na ncha ya kaskazini ya sindano iliyowekwa hapo, na ukali, ambao hupimwa kwa kizio kiitwacho tesla. Mwingereza Michael Faraday ndiye aliyezoesha watafiti kuuchora uga kwa mistari, ambayo husongamana pale uga ulipo mkali na kutawanyika pale ulipo dhaifu, na ambayo chenga za chuma zikinyunyizwa juu ya karatasi huidhihirisha kwa macho. Kwa sumaku ya mche, mistari hutoka kwenye ncha ya kaskazini, huzunguka nje, huingia ncha ya kusini na kuendelea ndani ya sumaku hadi ilipoanzia. Kwa waya ulionyooka, mistari ni miduara mitupu inayouzunguka waya, na mwelekeo wake hupatikana kwa kanuni ya mkono wa kulia: mtu akiufumbata waya kwa mkono wa kulia huku kidole gumba kikielekea unakokwenda mkondo, kutoka upande chanya wa betri kwenda upande hasi, vidole vinne vilivyobaki hujikunja kufuata mwelekeo wa uga.

Ukali wa uga kuzunguka waya mrefu ulionyooka huongezeka sawasawa na mkondo na hupungua sawasawa na umbali, kwa hiyo mkondo ukizidishwa mara mbili uga nao huzidi mara mbili, na umbali ukizidishwa mara mbili uga hubaki nusu. Waya wenye mkondo wa ampea 1 hutoa, katika umbali wa sentimita 1, uga wa takriban mikrotesla 20, yaani sehemu 20 za milioni ya tesla. Uga wa Dunia, katika uso wake, ni kati ya mikrotesla 25 na 65 kutegemea mahali. Ulinganisho huo unaonyesha kwa nini jaribio la Ørsted linawezekana kwa vifaa duni kabisa: waya mmoja na betri ndogo vinaweza kushindana na sayari nzima, ilimradi dira iwe karibu na waya. Uga wa waya ukilingana na ule wa Dunia unaovuta kwa ulalo, na waya ukiwa umelazwa kutoka kaskazini hadi kusini, sindano husimama katikati ya madai hayo mawili, yaani kwa nyuzi 45.

Kanuni hiyohiyo inaeleza jambo linalojulikana na kila fundi umeme. Kipimo cha kubana, kinachofumbata waya na kusoma mkondo wake bila kuukata, hufanya kazi kwa kuhisi uga unaouzunguka waya huo. Lakini fundi akikibana kwenye kebo nzima, yenye waya wa kwenda na wa kurudi, kipimo husoma sifuri hata kama jiko limewaka. Sababu ni kwamba mikondo miwili iliyo sawa na yenye mielekeo tofauti hutoa miduara miwili inayopingana na kufutana, na kwa hiyo fundi hulazimika kutenga waya mmoja kabla ya kupima.

Kutoka waya hadi koili

Waya ukipindwa ukawa pete, miduara yote inayouzunguka hupita ndani ya pete ikielekea upande mmoja, na hivyo uga wa katikati huimarika. Pete nyingi zikipangwa mfululizo huunda koili, ambayo uga wake wa ndani hunyooka na kuwa sawa karibu kila mahali, huku nje ukifanana na ule wa sumaku ya mche, wenye ncha ya kaskazini upande mmoja na ya kusini upande mwingine. Koili ndefu yenye mizunguko 1,000 kwa kila mita, ikipitishiwa ampea 1, hutoa ndani yake uga wa takriban militesla 1.26, ambao ni makumi ya mara ya uga wa Dunia. Mhimili wa chuma laini ukiingizwa katikati, uga huo huweza kuzidi mara mamia au hata maelfu. Kifaa cha namna hiyo huitwa sumakuumeme, na kilitengenezwa kwanza na Mwingereza William Sturgeon karibu na mwaka 1825, kisha kikaboreshwa na Mmarekani Joseph Henry, ambaye alizungushia waya uliofunikwa, tabaka juu ya tabaka, na kufikia mwaka 1831 alikuwa na sumakuumeme iliyoinua zaidi ya kilo 900.

Sifa inayoipa sumakuumeme thamani yake ni utii: mkondo ukipitishwa, nguvu huja, na mkondo ukikatwa, nguvu hutoweka, kwa kuwa chuma laini hakihifadhi usumaku mwingi. Ndiyo maana kifaa hicho hutumiwa popote ambapo umeme kidogo unatakiwa kuamuru umeme mwingi. Katika mita ya malipo ya kabla, kama zile za LUKU nchini Tanzania, uniti zinapokwisha huwa ni koili ndogo inayosogeza kiunganishi na kuitenga nyumba na laini.

Umbo la pete linajibu pia swali ambalo liliwatatiza wanafalsafa wa kale: kwa nini sumaku ikikatwa vipande viwili hazipatikani ncha mbili zilizotengana, bali sumaku mbili kamili? Iwapo chanzo cha usumaku ni mikondo inayozunguka, jibu ni wazi, kwa sababu kila pete ina nyuso mbili, na haiwezekani kuwa na pete yenye uso mmoja. Watafiti wametafuta kwa miongo mingi chembe yenye ncha moja ya sumaku, na hadi leo hakuna iliyothibitishwa.

Usumaku wa chuma

Ampère alichukua hatua ya ujasiri alipodai kwamba hata sumaku ya kudumu, isiyounganishwa na betri yoyote, ina mikondo midogo inayozunguka ndani ya chembe zake. Dai hilo lilitolewa wakati ambapo atomu yenyewe haikuwa imethibitishwa, na fizikia ya karne ya 20 ililithibitisha kwa sehemu kubwa na kulirekebisha kwa sehemu. Elektroni zilizo ndani ya atomu hutoa uga kwa namna mbili: kwa mwendo wao kuzunguka kiini, na kwa sifa yao ya asili iitwayo spini, iliyotambuliwa mwaka 1925. Spini huifanya kila elektroni kuwa sumaku ndogo mno, ingawa haipaswi kufikiriwa kuwa ni mpira unaojizungusha, kwa kuwa ni sifa ya elimu ya kwanta isiyo na mfano kamili katika vitu vikubwa.

Katika dutu nyingi sumaku hizo ndogo huelekea huku na kule na kufutana. Katika chuma, kobalti na nikeli, elektroni za atomu jirani hulazimishana kuelekea upande mmoja, na hivyo huunda maeneo madogo yaitwayo vikoa, ambamo atomu zote zimekubaliana. Kipande cha chuma cha kawaida hakina usumaku kwa sababu vikoa vyake vimeelekea pande tofauti. Kikiwekwa ndani ya koili, vikoa vinavyofuata uga hupanuka na kuvimeza vingine, na hapo ndipo nguvu ya koili huongezeka kwa kiasi kilichotajwa. Chuma laini hurudia mchafuko wake mkondo ukikatwa, na chuma cha pua kigumu au aloi ya neodimiamu hubaki katika mpangilio. Joto ni adui wa mpangilio huo: chuma kikifika nyuzi 770 za Selsiasi, mtikisiko wa atomu huyashinda makubaliano na usumaku wake wa kudumu hupotea.

Kani juu ya waya

Iwapo mkondo huisukuma sumaku, basi sumaku nayo lazima iusukume mkondo, na hapa umbo la mzunguko hujitokeza kwa sura nyingine. Waya wenye mkondo ukiwekwa ndani ya uga hupata kani isiyofuata waya wala uga, bali iliyo katika pembemraba na vyote viwili. Ukubwa wake hupatikana kwa kuzidisha ukali wa uga, mkondo na urefu wa waya, endapo waya unakatisha uga kwa nyuzi 90: waya wa mita 1 wenye ampea 10 katika uga wa nusu tesla husukumwa kwa nyutoni 5, ambazo ni sawa na uzito wa karibu nusu kilo. Faraday alilitumia jambo hilo mwezi Septemba 1821 alipotengeneza chombo ambamo waya ulizunguka sumaku mfululizo ndani ya zebaki, nacho ndicho mzazi wa mota zote. Koili ikiwekwa katika uga, upande mmoja husukumwa juu na wa pili chini, nayo hugeuka. Mwelekeo wa mkondo ukibadilishwa kila nusu mzunguko, koili haisimami. Pangaboi, pampu ya kisima na treni ya umeme inayotoka Dar es Salaam kwenda Dodoma vyote hutembea kwa kani hiyo.

Miaka kumi baadaye, mwaka 1831, Faraday alipata kinyume chake: uga unaobadilika huzalisha umeme katika koili iliyo karibu. Kanuni hiyo ndiyo inayotumika katika bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji, ambako mitambo tisa yenye uwezo wa megawati 235 kila mmoja hutumia maji kuzungusha sumakuumeme kubwa ndani ya koili zisizosogea. Hakuna chochote kinachohama kutoka kwenye sumaku kuingia kwenye waya. Kinachofanya kazi ni kubadilika kwa uga peke yake, ambako hurudia mara 50 kila sekunde.

Dunia kama sumakuumeme

Dai la Gilbert kwamba Dunia ni sumaku lilikuwa sahihi kwa matokeo yake, lakini si kwa sababu aliyoifikiria. Ndani ya Dunia kuna chuma kingi, lakini joto la huko ni maelfu ya nyuzi, mbali juu ya zile 770 ambazo chuma hupoteza mpangilio wake, kwa hiyo hakuna sumaku ya kudumu inayoweza kuwapo huko. Uga wa Dunia hutokana na mikondo ya umeme katika tabaka la chuma kilichoyeyuka, linaloanzia kina cha takriban kilomita 2,900, ambamo mwendo wa chuma hicho na mzunguko wa Dunia huendeleza mikondo, na mikondo huendeleza uga.

Uga huo haulingani kila mahali. Ikweta ya sumaku, ambako sindano iliyoachwa huru hulala bila kuinama, hupita barani Afrika kaskazini ya ikweta ya kijiografia, na kwa hiyo katika Nairobi na Dar es Salaam ni ncha ya kusini ya sindano inayoinama kuelekea ardhini. Wala uga huo si wa milele, kwa kuwa hutokana na mikondo inayobadilika, nao umewahi kugeuka mara nyingi, kaskazini ikawa kusini. Ushahidi wake umo katika miamba ya volkano, ambayo ilipopoa na kushuka chini ya kiwango cha joto ambacho madini yake hupoteza usumaku ilihifadhi mwelekeo wa uga wa wakati wake. Bonde la Olduvai, kaskazini mwa Tanzania, limeipa jina lake sehemu mojawapo ya historia hiyo: kipindi cha takriban miaka milioni 1.95 hadi 1.78 iliyopita, ambapo uga ulielekea kama unavyoelekea leo, katikati ya enzi ndefu ya uga uliogeuka. Wanajiolojia duniani kote hulitumia jina hilo wanapokadiria umri wa miamba na visukuku.

Hitimisho

Mambo yaliyoelezwa hapa yanaunganishwa na kanuni moja, kwamba chaji inayotembea huzungukwa na uga, na uga huisukuma chaji inayotembea kwa upande. James Clerk Maxwell aliikamilisha kanuni hiyo katika miaka ya 1860 kwa kuonyesha kwamba hata uga wa umeme unaobadilika hutoa uga wa sumaku, na kwamba mawili hayo yakizalishana husafiri angani kwa kasi ya mwanga, kwa sababu mwanga wenyewe ni wimbi la aina hiyo. Mwaka 1905 Albert Einstein alianza makala yake ya nadharia ya uhusianifu kwa mfano wa sumaku na waya, akionyesha kwamba mgawanyo kati ya umeme na sumaku hutegemea mwendo wa anayetazama.

Yapo mafunzo ya ufundishaji katika historia hii. Wanafunzi wengi wa Afrika Mashariki hukutana na usumaku kwanza kama orodha ya sifa za kukariri, na miaka kadhaa baadaye hukutana na mkondo wa umeme kama mada nyingine, na hivyo hurithi utengano uleule ambao Ørsted aliuvunja. Betri moja, waya wa shaba wa urefu wa mkono na dira ndogo vinatosha kuziunganisha mada hizo katika kipindi kimoja, ilimradi waya uunganishwe kwa sekunde chache tu ili betri isichoke wala waya usipate moto. Mwalimu amwache mwanafunzi aweke waya juu ya dira, kisha chini yake, na kumtaka aeleze mwenyewe kwa nini sindano imegeuka upande wa pili kabla ya kumwandikia fomula yoyote ubaoni. Atakayefikia jibu la mduara kwa hoja zake atakuwa amepita njia ileile waliyopita waanzilishi wa elimu hii, na fomula zitakazofuata zitamjia kama vipimo vya kitu anachokijua.